Konzi ya Kwaheri

Simu ilipoita, Kasi alikuwa juu ya ngazi akisugua kibao cha SAMAKI WA MAWIFI kilichoning'inia juu ya geti lao. Akaipokea kwa mkono uliojaa povu, maana mwanamke yule kungoja hajui, hata kungoja mkono ukauke.

"Dada, pole," ilisema sauti ya Bibi Afya, mkaguzi wa samaki wao. "Wamepatikana tena."

"Kina nani hao?"

"Wale wale bakteria. Salmonela."

Basi Kasi akashuka ngazi nzima kwa kuruka, na ndoo ya sabuni ikamfuata nyuma. Hakuumia. Alikuwa amekasirika mno, hata kuumia hakukumbuka.

Tuelewane kwanza kuhusu watu hawa. Kasi si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la sokoni, na amelistahili. Anatembea kama anayefukuzwa, anakula amesimama, na ukianza kumsimulia jambo, mwisho wake atakumalizia yeye. Mwenzake ni mke wa kaka yake, ambaye hao hao wa sokoni walimwita Taratibu. Huyo akikuambia "nakuja," wewe pika, ule, uoge, ndipo umwone. Wanaitana wifi, wanataniana kutwa, wanagombana wakipata nafasi, na bado ni chanda na pete. Mabwawa ya perege waliachiwa na marehemu baba: kwa Kasi baba mzazi, kwa Taratibu baba mkwe. Kasi huvua na kubeba. Taratibu hukaa mezani na kisu, akaparua na kutumbua.

Sasa hospitali kubwa, ambako kaka mtu ni mpishi, ilikuwa inatafuta samaki wa kuwapikia wagonjwa. Mawifi wakaomba. Wakaambiwa samaki wao watapimwa maabara, na wakikutwa na vijidudu mara tatu, basi tena, wasahau. Mara ya kwanza walikutwa navyo. Hii ilikuwa ya pili.

"Haiwezekani!" Kasi alipiga kelele kwenye simu. "Si ulisema maji ya bwawa ni safi?"

"Safi kabisa."

"Na samaki wakitoka bwawani?"

"Safi. Barafu safi, kisu safi, meza safi, nimepitisha pamba ya kupimia kila mahali. Lakini samaki akishatumbuliwa, hao hapo! Hata mimi nakuna kichwa, dada. Nitakuja kupima tena wiki ijayo, na hiyo ndiyo ya mwisho."

Kasi akakata simu bila kuaga. Kichwani mwake kesi ilikuwa imeshasikilizwa na hukumu imetoka. Bwawani safi, mezani wachafu. Mezani anakaa nani?

"Wifiii!"

Taratibu alikuwa bandani ananoa kisu. Akamaliza upande mmoja kwanza, ndipo akainua uso.

"Nimekusikia tangu ukiwa juu ya ngazi," alisema. "Na majirani wamekusikia."

"Mikono yako hiyo!"

"Imefanya nini?"

"Mimi nakuletea samaki wazima, wanarukaruka. Wewe ukiwapasua tu, wana Salmonela. Hebu nieleze."

"Wifi, mimi nanawa mpaka ngozi inajikunja. Wewe ndiye mwenye buti moja la bwawani, la sokoni na la chooni."

"Buti langu linatumbua samaki?"

"Na mdomo wako je? Umefunguka juu ya meza yangu tangu asubuhi."

Siku nyingine wangecheka mpaka wakashikana mabega. Leo Kasi hakucheka, maana hospitali ile alikuwa anaitaka kwa roho yake yote. Baba alilazwa kule siku zake za mwisho, na kila alipoletewa chakula aliuliza, "Perege wangu wako wapi?" Hakuwapata. Tangu hapo Kasi alijiwekea kwamba perege wa baba lazima waingie wodi ile, hata kama mwenyewe hayupo.

"Sikiliza nikwambie," akasema. "Wakipatikana mara ya tatu, mimi na wewe basi. Nitapanda ngazi hii hii, nifute hilo neno Mawifi. Nitaandika Samaki wa Wifi Mmoja."

Taratibu akageuza kisu, akaanza kunoa upande wa pili.

Haikupita muda Bibi Afya akafika mwenyewe na pikipiki yake, sanduku la sampuli limefungwa nyuma kwa mpira. Kazi yake watu wamezoea kuiita bwana afya. Alipoletwa mwanamke, tena kijana, tena mwenye kucheka hovyo, ikabidi jina lirekebishwe. Alisema fumbo lile linamnyima usingizi. Akazunguka kila kona na tochi yake, anainama, ananusa, anauliza, mpaka akasimama mbele ya tangi la simenti lililokuwa kati ya mabwawa na banda.

"Na hili?"

"Tangi la kufunga," Kasi alijibu. "Kabla ya kutumbuliwa wanakaa humo na maji ya bomba, hawali kitu, harufu ya tope inawatoka."

"Harufu tu? Dada yangu, shida kubwa ni tumbo! Samaki mwenye tumbo tupu, hata kisu kikiteleza, hamna cha kumwagika. Mwenye tumbo lililojaa, kisu kikigusa utumbo umekwisha. Yaliyomo yanapaka nyama, yanapaka mikono, yanapaka kisu, yanamfuata samaki wa pili na wa tatu. Humu hamuwapi chochote?"

"Hata kidogo!" wakajibu mawifi wote wawili, kwa pamoja, kwa haraka. Hata Taratibu, kwa haraka!

Bibi Afya akawatazama, akatikisa kichwa, akaendelea na tochi yake.

"Lakini si watapikwa?" Kasi akamfuata nyuma. "Moto si unaua?"

"Unaua, ndiyo. Ila kabla ya moto samaki anapita kwenye mikono ya mpishi, na mikono hiyo hiyo ikighafilika inamenya embe la mtoto aliyelazwa. Embe halipikwi. Wewe mzima utaharisha, utanitukana, utapona. Yule mtoto, ambaye hata uji haukai tumboni, huyo huenda asipone."

Kasi akasimama hapo hapo. Kusimama kwake kulikuwa habari ya kutangazwa redioni.

Sasa kuna jambo Kasi hakuwahi kumwambia mtu. Baba alikuwa na kawaida yake. Alfajiri ya siku ya kutumbua, nyumba nzima imelala, alikuwa anaingia stoo, anashusha kopo la bati lililokaa juu ya boriti, anachota konzi moja ya chakula alichokichanganya mwenyewe, pumba na vichwa vya samaki vilivyokaushwa na kutwangwa. Anawarushia samaki wa kwenye tangi na kuwaambia, "Haya wanangu, safari njema, msituseme vibaya." Siku moja alimwamsha Kasi, akamwonyesha, akamwambia hiyo kazi anamwachia yeye, na asimwambie yeyote humu nyumbani. Kasi alivimba kichwa mwezi mzima. Tangu mzee azikwe hakukosa alfajiri hata moja.

Na kopo lenyewe lilikuwa na maajabu: halikuisha. Kila akidhani leo atagusa bati, anakuta limejaa zaidi ya alivyoliacha. Alikuwa anaongezea pumba kidogo kwa heshima, machozi yanamlenga, akijua baba bado yupo na mkono wake haujaondoka.

Utasema, si huko ndiko kulisha? Ungemuuliza Kasi angekushangaa. Konzi moja nayo ni chakula? Ile ni salamu! Mgeni anayeondoka ukimpa mkono, umemshibisha?

Ikafika siku ya mwisho ya kupimwa. Kasi aliamka jogoo hajafikiria kuwika, moyo unamdunda kama anakwenda kuolewa. Alikuwa na mpango wake: atajibanza nyuma ya banda, amwone wifi yake anavyoiandaa ile meza, na uchafu wowote atakaouona atamrukia hapo hapo. Alikuwa na hasira, alikuwa na hamu, na kusema kweli alikuwa anafurahia. Lakini kwanza salamu.

Akaingia stoo, akanyoosha mkono juu ya boriti. Vumbi. Akapapasa huku, akapapasa kule. Vumbi tupu.

"Mama yangu! Wameiba kopo la baba!"

Ndipo akasikia sauti nje, upande wa tangi. Ilikuwa inasema polepole, neno moja moja.

"Haya wanangu. Safari njema. Msituseme vibaya."

Kasi alitoka stoo kama aliyemwagiwa maji. Na hii ndiyo akili ya binadamu ilivyo: hakufikiria samaki, hakufikiria vipimo, hakufikiria hospitali. Kilichomchoma kilikuwa wivu.

"Hayo maneno ni yangu!"

Taratibu akaruka. Yeye, ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza, aliruka mguu juu, kopo likamponyoka, likagonga simenti na kubingirika. Kutoka ndani ya kopo akachomoka mjusi mnene, amenawiri, hana mkia, akapita juu ya mguu wa Kasi na kupotelea ukutani. Kasi akapiga ukelele.

"Unafanya nini na kopo la baba?" aliuliza alipopata pumzi.

"Kopo la baba? Kopo langu! Baba mkwe alinikabidhi mimi."

"Alikukabidhi lini, mwongo wewe?"

"Alfajiri moja. Akaniambia nisimwambie mtu, na wewe hasa, kwa sababu huna kifuniko mdomoni."

"Ebo! Mimi aliniambia nisikwambie wewe, kwa sababu mpaka uvae viatu samaki watakuwa wamezeeka!"

Wakatazamana. Midomo ikaanza kuwacheza. Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa Taratibu, kisha Kasi, wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye simenti yenye maji, wanapangusana machozi. Mzee yule! Kumbe kila mmoja alipewa siri yake, na kila mmoja akatembea kifua mbele akijiona ndiye kipenzi.

"Ngoja," Kasi akasema. "Nani alikuwa analijaza?"

"Mimi, kila likipungua."

"Hata mimi."

Muujiza ukaishia hapo hapo. Na kicheko nacho kikakauka, maana macho ya Kasi yalikuwa yametua kwenye kopo lililolala ubavu. Pumba zilizomwagika zilichanganyika na vinyesi vidogo vyeusi vyenye ncha nyeupe. Vya mjusi. Vingi. Akageuka kutazama tangi. Perege walikuwa juu, vinywa wazi, wanameza.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Umeshawapa leo?"

"Nimewapa. Kumbe siku zote nilikuwa nakuja nyuma yako; leo tu usingizi umenikataa."

"Na wiki zile zilizopita?"

"Niliwapa. Na wewe?"

"Na mimi."

"Konzi yangu na konzi yako," Taratibu alisema. "Kisha nawapasua."

Pamba ya Bibi Afya ilipita bwawani, ikapita mezani, ikapita kwenye kisu. Kwenye tangi haikupita, kwa kuwa nani hupima maji ya bomba ambamo hakuna kinachotiwa? Na boriti ya stoo nani angeikumbuka?

"Nimekuita mchafu," Kasi akasema. "Majirani wakisikia."

"Umeniita."

"Wifi yangu, nisamehe. Naona aibu mpaka kwenye kucha."

"Nitakusamehe," Taratibu alisema, akijikung'uta maji. "Lakini usinikimbize."

Hapo hapo wakasikia pikipiki inapanda kilima.

Sasa Kasi, ambaye huwaza kwa mbio kama anavyotembea, aliwaza mengi ndani ya pumzi moja. Bibi Afya hachukui samaki wote, anachukua wachache. Taratibu akitumia kisu kwa uangalifu wake ule, utumbo usiguswe, wanaweza kupita. Wakisema ukweli, huenda ukahesabiwa ndiyo mara ya tatu, hospitali imekwenda, na perege wa baba hawataingia wodi ile milele. Alimwona baba kitandani akiulizia samaki wake. Kisha akamwona mtoto kwenye kitanda cha jirani ana kipande cha embe mkononi, na moyo ukamgeuka. Akamtazama wifi yake. Taratibu alikuwa ameshavua aproni.

Kasi akatimua mbio mpaka getini, peku.

"Usipime!" alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Usishuke! Samaki wamekula! Tumewalisha wenyewe, mimi na huyu, kila mara, na sasa hivi tumetoka kuwalisha tena!"

Bibi Afya akabaki na kofia yake ya pikipiki kichwani. "Mmewalisha nini?"

"Salamu," Kasi alisema, akaanza kulia.

Ilibidi Taratibu aje, aeleze yote tangu mwanzo, polepole. Mara hii Kasi hakumkatiza. Alikuwa anautazama uso wa Bibi Afya, anangoja hasira itokee. Badala yake macho ya yule kijana yalizidi kung'aa, akavua kofia, akaruka chini.

"Kopo liko wapi? Msiliguse! Maji ya tangi msiyamwage! Na mjusi? Mjusi amekwenda wapi?"

"Ukutani huko."

"Jamani, mmemwacha mjusi!"

Basi ungewaona wanawake watatu wazima, mmoja na ndoo, mmoja na fagio, mmoja na glavu na kijiti chenye pamba, wanamwinda mjusi asiye na mkia kuzunguka stoo. "Huyo, huyo!" "Mzuie!" "Wifi, usimwonee huruma!" Kasi aligonga boriti kwa kichwa. Taratibu alikimbia, na tuliandike hilo, alikimbia. Mjusi mwenyewe hawakumpata, lakini alikuwa amewaachia vinyesi vya kutosha maabara tatu. Bibi Afya alijaza vichupa vyake huku anaimba.

"Na mtihani wetu?" Kasi aliuliza mwishowe, roho mkononi.

"Kazi yangu ni kupima samaki walioandaliwa ipasavyo," Bibi Afya alijibu, anafunga sanduku. "Hawa hawajaandaliwa. Sasa nipime nini? Wafukieni hawa, msugue tangi, mniite mkiwa tayari."

Majibu ya kopo aliyaleta mwenyewe baada ya siku chache, picha kwenye simu, anaionyesha kama mama aliyejifungua. Kilikuwa kisahani chekundu cha maabara kilichojaa vidoa vyeusi, ndio Salmonela wenyewe. Kopo, hao. Kinyesi cha mjusi, hao. Maji ya tangi, hao. Alisema samaki mwenyewe hana kosa, wale hakuzaliwa nao; alipelekewa kwa mkono.

Maneno hayo, kwa mkono, Kasi hakuyapenda, lakini aliyameza.

Alitaka kulitupa lile kopo. Taratibu akamletea maji ya moto na dawa, akaliweka mbele yake. Kasi akakomba pumba, akakomba tena, mpaka akafika chini ambako hakuna aliyewahi kufika. Huko kulikuwa na tabaka gumu kama simenti, la kijivu, lenye ukungu. Lilikuwa lile la baba. Konzi zake za mwisho, alizozichanganya mwenyewe kabla hajapelekwa hospitali, na wao kwa upendo wao wakawa wanazifukia na kuchovya mkono humo. Kasi aliangua kilio cha sauti. Kisha akajikaza, akachukua kijiko, akaanza kukwangua. Alikwangua asubuhi nzima, anasugua, anasuuza, anasugua tena, hataki kumaliza.

"Wifi," Taratibu alisema, amesimama mlangoni na mikono kiunoni, "fanya haraka basi."

Walicheka wote wawili, Kasi bado analia.

Kupimwa kwa mara ya tatu kulikwenda haraka kuliko walivyotarajia, ila kungoja majibu kulimkondesha Kasi. Simu ilipoita alikuwa tena juu ya ngazi, maana kibao kilikuwa hakijamaliziwa siku ile.

"Dada," ilisema sauti ya Bibi Afya, "hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu! Safi! Kisahani kizima hakina hata kidoa!"

Alishuka vilevile kwa kuruka, na ndoo ikamfuata vilevile. Majirani walitoka nje wakidhani kuna moto.

Alfajiri ya safari ya kwanza ya hospitali, kaka mtu alikuwa amewaambia kwamba samaki wataanzia wodi ile ile aliyolazwa baba. Mawifi walisimama mbele ya tangi, bega kwa bega, mikono mitupu. Kopo la baba lilikuwa bandani, limeng'arishwa, limewekwa sabuni ya kunawia. Kasi alinyoosha mkono, akaufumbua juu ya maji kama anarusha kitu. Perege wakaja juu wote, vinywa wazi, wakakuta hakuna.

"Haya wanangu," alisema. "Safari njema. Mkimkuta..."

Sauti ikamkatika. Akajaribu tena, haikutoka. Taratibu akangoja, kama kawaida yake, akangoja mpaka akawa na hakika.

"Msituseme vibaya," akamalizia yeye.